Kwaresima ya Mwezi wa Saba

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwaka ule serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, Mashimba alipanda juu ya kiti cha katekista akaufunga mzani wake kwenye boriti ya kibaraza cha kanisa. Ghala la chama cha msingi cha ushirika lilikuwa na kufuli, na katibu wake alikuwa anauza mitumba Bariadi mjini. Kibaraza cha kanisa kilikuwa na kivuli, kando ya barabara ya kwenda Nkoma. Tena Mashimba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa walei, na bati zote za kanisa zilitoka mfukoni mwake. Hakuna aliyeona haja ya kumwuliza.

Kesho yake Padre Januarius alifika kwa pikipiki kutoka parokiani. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, kwa hiyo alivaa joho lake la misa, kasula ya kijani. Alipofika altareni kasula ilikuwa zambarau. Aliitazama, akatazama mlango, akaanza misa. Zambarau ni ya Majilio au ya Kwaresima; Majilio yalikuwa mbali bado, kwa hiyo watu wakajua ni Kwaresima. Wakati wa Aleluya ulipofika kwaya ilibaki imekaa bila kuambiwa.

Juma lililofuata padre alileta kasula nyingine ya kijani. Nayo ikabadilika alipovuka kizingiti. Akaja na nyekundu ya mashahidi, kisha nyeupe ya Pasaka iliyotariziwa na masista, na zote zikawa zambarau. Baada ya hapo aliacha kubeba nguo bure. Watu wakaanza Njia ya Msalaba kila Ijumaa, wakaacha nyama, na ndoa zikasimama, maana Kwaresima haifungiwi ndoa. Kalenda iliyobandikwa sakristia ilisema kijani mpaka mwezi wa kumi na moja. Katekista Joakim alisema kalenda imechapwa mbali na walioichapa hawajawahi kufika huku.

Aliyeumia ni Monika, binti Shigela. Baada ya pamba ndipo watu wanapooana: kazi imepungua na chakula kipo. Yeye na Mayunga walikuwa wametangazwa kanisani mara mbili, ikabaki mara moja. Ng'ombe wa mahari walikuwa zizini kwa Shigela na mmoja alikuwa ameshazaa. Wajomba wa Mayunga walishauri amchukue mke kimila, ya kanisa ije baadaye. Benedikta, mama yake Monika, alikataa. Yeye mwenyewe alichukuliwa hivyo akiwa msichana, na hiyo ya baadaye ilikuwa haijaja. Huku nyuma Mayunga alianza kuzungumzia machimbo ya Geita, na kijana akianza kuzungumzia machimbo, nusu yake imeshaondoka. Monika alichoka. Alichoka kuwapikia wageni waliokuja kuuliza kulikoni, akachoka kuitazama ile kasula kila Jumapili kama mkulima anayetazama mawingu.

Sababu ilijulikana na wote. Mzani ule ulikuwa unaiba. Masunga, ambaye akisimama mlangoni chumba kinaingia giza, alijining'iniza hapo siku moja kwa utani, na mzani ukamwona kama msichana wa darasa la sita. Watu walicheka, kisha wakapanga foleni na magunia yao. Redio ilikuwa imeeleza kwamba sasa ni soko huria, mkulima amwuzie amtakaye. Walichoambulia wao ni Mashimba, kwa kuwa lori lake ndilo pekee lililokubali kuvuka mto wa kuja kijijini. Mwenye nguvu mpishe, na mwenye lori mpishe zaidi.

Mektilda, mama aliyefua nguo za kanisa, ndiye aliyegundua jambo jingine. Alikuwa ameanika kasula kwenye kamba siku Mashimba alipoubeba mzani kwenda kununua kijiji cha pili. Kufikia adhuhuri kitambaa kilikuwa kimepoa na kuwa waridi. Mashimba aliporudi jioni na mzani wake, zambarau ikarudi. Mektilda alilisema hilo kisimani, na kabla ndoo hazijajaa lilikuwa limefika kwa Monika.

Jumapili Monika alimfuata padre nje ya sakristia. Padre alieleza kwamba alikwisha kuzungumza na Mashimba. Mashimba alimjibu kwamba mzani huu ukiguswa lori haliji, na waumini watabaki na pamba yao majumbani wailalie. Padre alikuwa na vigango vingi na mgongo mbovu. Aliinua macho akaziangalia zile bati, akayashusha. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umechoka.

"Waridi ni ya kupumzika katikati ya toba, mwanangu," alisema. "Haisemi kwamba toba imekwisha."

"Inakataza ndoa, baba?"

"Haijanikataza," padre akasema, akawasha pikipiki.

Siku ya pili yake Monika alikwenda kwa Mashimba asubuhi. Alipiga magoti uani, akasema mwangaluka, akaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe na za mama. Njia nzima alikuwa amejiandaa kumwambia autengeneze mzani. Maneno alikuwa nayo tayari, na yalikuwa maneno mazuri. Lakini akiwa pale chini, mbele ya miguu ya yule mzee, aliona yamekuwa makubwa kuliko mdomo wake. Akaomba auondoe siku moja tu, siku ya harusi.

Mashimba aliona ombi lile ni dogo. "Siku moja naweza, mayu," alisema. "Mimi si mtu mbaya."

Alisema kweli yake. Hakuwa anadanganya hata kidogo.

Mzani ulifunguliwa Ijumaa ukapelekwa kulala chini ya kitanda cha Mashimba, na Jumamosi Padre Januarius aliwafungisha ndoa Monika na Mayunga akiwa amevaa waridi. Bibi zake Mayunga walisema padre amependeza. Benedikta alilia tangu mwanzo mpaka baraka ya mwisho, na hakuna aliyemwuliza analilia nini. Kwenye sherehe Mashimba alikalishwa mbele, Shigela akamkabidhi paja la fahali, na msemaji akamshukuru mwenyekiti kwa moyo wake wa kutoa. Watu walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Jumatatu mzani ulirudi kwenye boriti na kasula ikarudi zambarau.

Baada ya hapo kila mwenye shughuli alikwenda kuomba siku yake. Mwanzoni walikwenda na salamu tu, halafu na kuku, halafu na mbuzi, maana mkono mtupu haulambwi. Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema. Sikukuu ya Noeli ilipofika, Mashimba aliitoa siku nzima bila kuombwa, na akaombewa altareni kwa jina. Kwaresima ya kalenda ilipofika, mwezi wa tatu, hakuna aliyeitambua.

Msimu uliofuata Monika na Mayunga walivuna pamba yao ya kwanza. Walikuwa wameichambua wenyewe, safi mbali na fifi, ile yenye madoa, mbali, ingawa mnunuzi huyu hakujali kuchambua. Mayunga hakwenda Geita. Aliliinua gunia kwa goti na mikono yote miwili, shingo ikamsimama mishipa, akalitundika. Mshale ulisogea kidogo ukatulia mahali pa aibu. Mashimba akataja uzito.

Mayunga alifungua mdomo. Monika alimkanyaga mguu, kisha akapiga magoti pale pale vumbini, chini ya mzani.

"Wabeja sana, baba," alisema. "Usiku na mchana tunakushukuru kwa ile siku."

Mashimba akamwambia ainuke, wapo wengine kwenye foleni.