Simiti Ndani ya Dispensari

Wakonyo hakulia alipomzika binti yake Murugi, na hapo ndipo Diwani Ngatia angepaswa kuanza kuogopa. Lakini wapi! Alikuja mazishini na koti lake la sufi, akatoa pole ndefu kama hotuba ya Sikukuu ya Madaraka, akanywa chai ya waliofiwa na kwenda zake.

Tuseme ukweli. Dispensari ile ya kijijini, juu ya Giakanja, ilijengwa na wanawake. Walikuwa na chama cha mabati, kila mmoja akiezekewa nyumba kwa zamu. Serikali mpya ya uhuru ilipotangaza kwamba matibabu ni haki ya mwananchi, kwamba wao wajenge nayo italeta nesi na dawa, waliacha nyumba zao zivuje wakaezeka dispensari kwanza. Zamu iliyorukwa ilikuwa ya Wakonyo, akaendelea kulala chini ya paa la nyasi. Ufunguo akapewa diwani, na mambo yakaharibikia hapo.

Murugi alishikwa na uchungu alfajiri, damu ikaanza kumwagika. Wakonyo na wenzake wakambeba na kitanda chake mpaka dispensari, wakakuta kufuli. Ngatia, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, akatoka na mswaki mdomoni.

"Serikali haijaleta nesi. Mpelekeni Nyeri."

"Diwani, mtoto yangu anaisha! Si utupatie gari?"

"Gari haina petroli. Nimesema mpelekeni Nyeri."

Wakonyo akachungulia dirishani. Ndani mlikuwa na mifuko ya simiti ya duka la diwani, imepangwa ukuta hadi ukuta. Lori la maziwa liliwafikisha Nyeri mchana, Murugi ameshakata roho, na mtoto tumboni mwake. Nesi aliyewapokea, Subira, msichana wa mtaa wa Majengo, aliuliza wametoka wapi. Kusikia jina la kijiji, akashika mdomo.

"Si huko ndiko nilitumwa na masanduku ya dawa! Diwani akaniambia nyumba haijakauka, nirudi."

Wakonyo akamshika mkono. "Ukitumwa tena utakuja?"

"Hata kesho, mama."

Basi akangoja mvua. Alingoja akipalilia, akisalimiana na Ngatia kila Jumapili kanisani kama hakuna neno, na moyoni mwake moto unawaka. Mwezi wa nne ulipoingia, mchana mmoja mawingu yakashuka meusi kutoka milima ya Nyandarua. Wakonyo akachukua nyundo, akapita nyumba kwa nyumba. Wenzake wakabeba ngazi, wakamfuata mpaka dispensari.

Kila bati lilikuwa na alama ya rangi ya mwenyewe, ndiyo iliyokuwa kawaida ya chama, kwa hivyo kila mama alipanda ngazi na kung'oa lake. Kelele za misumari zilimtoa Ngatia mezani, kitambaa cha kulia bado kiko shingoni.

"Shukeni! Hii ni mali ya serikali! Nitawafunga nyote!"

"Ya serikali?" Wakonyo alimjibu kutoka juu. "Serikali ilileta nesi, wewe ukamfukuza! Umekalia haki yetu na simiti yako, mtoto yangu akakufa hapo kwa mlango. Hizi mabati zitarudi siku ile Subira atarudi na dawa, na ufunguo ukae na sisi. Enda uambie hiyo serikali yako hivyo!"

Matone ya kwanza yakaanguka, mazito. Ngatia alitazama mifuko yake, akatazama juu, akaanza kubembeleza.

"Mama Murugi, nakuomba tafadhali. Niachie hata upande mmoja. Simiti yote hii nitapeleka wapi na mvua hii?"

Jina la binti yake kinywani mwa mtu yule lilimkata maini. Aling'oa msumari wa mwisho bila haraka, akawateremshia wenzake bati lake, kisha akamwinamia diwani.

"Peleka Nyeri," akasema, na mvua ikamwagika.