Unga Usiotaka Jua

Wengine walikimbia na magodoro, wengine na mbuzi. Nsimire alikimbia na kichupa cha unga mweupe, kimeviringishwa kitambaa cheusi na kufichwa kifuani. Chekeni tu! Lava ya volkeno ya Nyiragongo ilikuwa imeshameza nyumba yao ya mtaa wa Murara, na katika mali yote, yeye alikitaka hicho.

Unga ulikuwa kemikali ya zirkoni, mali ya mume wake Honoré, mkemia, aliyeuleta kutoka Ubelgiji. "Huu unashika mnyororo wa kaboni popote," alimwambia, "halafu unatembea, kaboni kwa kaboni, mpaka mwisho wa mnyororo. Na mimi hivyohivyo. Wanitupe popote, nitatembea mpaka kwako." Mwanamume na maneno yake matamu! Akamwonya: hewa, maji, mwanga, vyote vinauua. Ukiwa mweupe uko hai. Ukigeuka rangi ya waridi, basi tena. Julai 1998 akaenda Kinshasa kutafuta maabara. Agosti uasi ukaanza, nchi ikakatika vipande, barua zikakoma.

Miaka mitatu na nusu Nsimire hakukifungua kitambaa kile hata mara moja. Alimtamani Honoré mpaka mwili ukamuuma, lakini alijisemea: unga uko hai, naye yuko hai.

Mpakani mwa Rwanda, njia ya Gisenyi, askari akanyoosha mkono. "Iko nini mu hiyo kitambaa?"

"Iko dawa ya bwana yangu. Haipendi mwangaza."

"Fungula."

Akafungua. Unga ulikuwa wa waridi. Akageuka nyuma.

"Nani aliutoa kitambaani? Nani?"

Mama yake, Mama Dorine, alikuwa nyuma yake, amevaa koti la Honoré juu ya kitenge. "Ni mimi," akasema polepole. "Kila Jumamosi ukienda kazi nilikuwa naianika, pamoja na hii koti. Unajua ukungu wa hii Goma. Nilitaka akirudi akute vitu vyake vizuri." Akapapasa kola ya koti. "Kwanza ilikuwa nyeupe. Nikafikiri jua linaiivisha."

Lo! Nsimire alitaka kumrarua. Kisha akalitazama lile koti, safi, halina hata doa. Kumbe Jumamosi zote zile hakuwa akingoja peke yake.

"Imeharibika?" askari akauliza. "Nitupe?"

"Apana, papa. Leta. Mwenyewe atakuja kuitupa."

Akakiviringisha tena kichupa katika kitambaa cheusi, mikunjo ileile, taratibu, mwanga usipenye.