Kisanduku cha Klementina

Niliitwa Bariadi kwenda kuua kisanduku. Si cha mbao. Ni kile kilichokuwa kikichomoza kwenye kioo cha kompyuta kila asubuhi, kikionya kwa Kiingereza kwamba jedwali linalofunguliwa lina makro, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe, na kwamba makro huweza kubeba virusi.

Kosa lilikuwa langu. Mwaka 2000, soko la pamba likiwa limeshaachiwa watu binafsi, kampuni moja ya kuchambua pamba ilinipa kazi ya kutengeneza programu ya kupokea uzito wa mizigo. Kwa uvivu wangu nikachukua jedwali lililokuwa tayari, na makro zake zote, nikalipachika ndani ya programu. Sikufikiria lile neno moja, virusi, lingesomwaje Bariadi.

Maana aliyekaa mbele ya kompyuta alikuwa Klementina, mjane wa miaka arobaini. Mumewe alikufa mwaka uliotangulia, amekonda sana, na mji ulikuwa umeshajisemea kuwa ni ule ugonjwa. Asubuhi moja Danford, karani wa mizani, alichungulia begani kwake akasoma neno pekee alilolijua.

"Jamani, hata mashine yake imeshapata virusi!"

Makarani wenzake wakacheka. Kesho yake hakuna aliyegusa kompyuta ile, wala kiti, wala kalamu. Meneja akanipigia simu: makarani wamegoma kukaa chumba kimoja na hicho kisanduku, na kisipoondoka kabla msimu haujafunguliwa Jumatatu, Klementina atahamishiwa ghala la mbegu, akae huko peke yake.

Nilifika Ijumaa.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama yule kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu chai." Akafungua chupa.

"Asante, nimeshakunywa." Sikuwa nimekunywa kitu.

Njia ya mkato ilikuwepo: kuzima ulinzi wa makro kwenye kompyuta nzima. Lakini disketi ziliingia pale kutoka kila pembe, na humfukuzi mlinzi kwa sababu anauliza sana. Nikaamua kuhamisha kila agizo kutoka kwenye jedwali na kuliandika upya ndani ya programu yenyewe. Jedwali likibaki na tarakimu tupu, kisanduku hakina cha kuuliza. Ilikuwa kazi ya siku tatu, na Klementina alikaa kwenye benchi mlangoni akinitazama.

"Kikitoka hicho, watarudi kukaa hapa?" aliniuliza Jumamosi.

"Watarudi, mayu."

Akafurahi, akanikaribisha chai. Nimeshakunywa, nikasema. Jumapili alitoka misani akaja moja kwa moja na chupa yake. Nimeshakunywa.

Jumatatu wote walisongamana mlangoni. Klementina akabonyeza. Jedwali likafunguka kimya, bila swali. Kusema kweli nilijisikia fundi.

"Basi, mama anabaki," alisema meneja, akaenda zake.

Klementina akafuta kiti cha pili kwa ncha ya kitenge chake, akakisogeza karibu na meza. Danford akaja na karatasi ya kwanza ya uzito. Hakukaa. Aliiweka ukingoni mwa meza, akaisukuma kwa rula mpaka ikamfikia, akatoka. Wengine nao wakatawanyika.

Klementina aliitazama ile karatasi.

"Kirudishe," akaniambia.

"Nini, mayu?"

"Kisanduku. Kilipokuwepo nilikuwa najiambia wanaogopa mashine."

Nilisoma Dar es Salaam mimi. Nilijua vizuri kwamba ugonjwa ule, kama anao au hana, hauambukizwi kwa kikombe. Ningeweza kumwita Danford nikamwambia mbele ya watu. Ningeweza kuvuta kile kiti nikakaa. Niliona aibu.

Akamimina chai, akaiweka mbele yangu. Safari hii hakusema karibu.

Nikafunga begi langu, nikasema basi la Maswa litaniacha. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Basi la Maswa huondoka saa nane mchana, na yeye alijua.