Wanne wa Kumbeba Warsini

Mhariri wa jarida aliniandikia kwa adabu ile inayokera. Makala yangu imependwa, alisema, ila orodha ya marejeo imevunja kanuni: asilimia themanini ya kazi zinazotajwa lazima ziwe zimechapishwa ndani ya miaka kumi iliyopita. Nipunguze za zamani kabla ya Ijumaa kwisha. Hasira zilinipanda hadi masikioni. Mtu anaandika habari za tempe, soya ambayo bibi zetu waliivundika kwenye majani kabla majarida hayajazaliwa, halafu anaambiwa uzee ni kosa!

Nilipunguza. Nilifuta zile nilizoziweka kwa kujionyesha tu, nikabaki na sita za zamani. Tano kati ya hizo ndizo zinazoshikilia vipimo vyangu vyote. Kuzifuta ni kung'oa nguzo za nyumba. Ya sita ilikuwa ya mama yangu: Warsini, 1991, kuhusu tempe iliyofungwa kwa majani ya msaji, kwamba hukaa siku nyingi bila kuharibika.

Ndiyo makala pekee aliyowahi kuchapisha. Alifundisha chuoni hapa Salatiga hadi akastaafu, akamuuguza baba, akatulea sisi watatu, na utafiti ukawa jambo la "Mungu akijalia". Kila siku akishaswali alfajiri huvaa miwani na kufungua ile tovuti inayohesabu nani kamtaja nani. Hesabu yake haijasogea kitambo. Mimi ndiye niliyemwahidi kwamba makala yangu itaisogeza, na ahadi kwa mama si kitu cha kuchezea.

Kuficha jambo sijui. Niliingia jikoni akiwa anakaanga tempe, akanitazama mara moja tu.

"Wamekukataa, Nduk?" Hivyo ndivyo mama wa huku humwita bintiye, hata binti akiwa ameshaota mvi; binti naye humwita mama yake Ibu.

"Hapana, Ibu. Wamekukataa wewe."

Nikamweleza. Alivigeuza vipande kikaangoni, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya darasani, "Themanini kwa ishirini. Yaani kila mzee mmoja anataka vijana wanne?"

"Ndiyo."

"Wanne wa kumbeba mmoja! Hiyo si orodha tena, hilo ni jeneza!" Alicheka mpaka ikabidi azime jiko. Mimi sikucheka. "Haya, na hao wazee wako watano wana wabebaji?"

"Wanao, wametimia. Ni wewe tu huna."

"Basi tuwatafute. Wanne si wengi."

"Ibu, mbona rahisi? Nachomeka makala nne zozote mpya za soya. Nani atajua?"

"Nitajua mimi." Alininyooshea mwiko. "Sibebwi na watu wa kukodi, unanisikia? Kila utakayemtaja, msome mwanzo hadi mwisho. Usinikabidhi kwa matapeli."

Siku zile zikaenda hivyo. Nikirudi kazini namkuta kwenye meza ya chakula, kalamu nyekundu mkononi, karatasi nilizomchapishia zimetapakaa, anagombana na waandishi kana kwamba wamekaa sebuleni kwetu. "Huyu kataja jarida bila namba ya toleo. Kalelewa wapi huyu?" "Huyu mzuri, ila kurasa kazisahau. Mpe." Wengi aliwatupa. Waliopita aliwaandika kwa mkono wake: jina, mwaka, kichwa cha makala, na jina la jarida akalipigia mstari chini, kama walivyofanya enzi za mashine za chapa. Nilimwambia kompyuta ingeyapanga yote kwa kubonyeza mara moja. Akasema kompyuta haina haya. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Wa nne nilimpata mimi, Alhamisi, nikiwa ofisini. Yusnelti, mtafiti kijana wa Padang. Jarida lenyewe lilikuwa dogo, tovuti ya mama hata haikulijua. Kichwa cha makala kilitaja majani ya msaji, moyo ukaniruka kwa furaha, nikasoma. Binti huyo aliirudia kazi ya mama hatua kwa hatua, akakuta si kweli. Kilichoifanya tempe ya mama idumu si jani la msaji. Ilidumu kwa sababu ilifungwa tabaka mbili. Yusnelti alifunga nyingine kwa jani la mgomba, tabaka mbili vilevile, nayo ikadumu sawasawa.

Niliufunga ukurasa. Nilitaka kumfuta mama kabisa, niende nimwambie muda umekwisha. Niliona afadhali asitajwe kuliko kutajwa hivyo, tena na bintiye. Lakini yeye ndiye aliyesema kila mtu asomwe, na kusoma amenifundisha yeye. Nikaitoa ile makala kwenye karatasi, nikaikunja mkobani, nikaenda nayo nyumbani kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

Aliisoma amesimama, kisha akaketi. Akarudi ukurasa wa pili, akaweka kidole.

"Tabaka mbili," alisema. "Yale majani yalikuwa yakinichanikia. Nikafunga mara mbili yasichanike. Wala sikuwaza zaidi ya hapo." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Ibu, tuiache hii. Nitamwomba mhariri..."

"Tuache nini? Kufanya kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Na mimi sikurudia, maana sikuandika tena!" Alicheka, kicheko kikakatikia njiani. "Nduk, hujaona bado? Mtoto wa watu, huko Padang, katafuta majani, kachemsha soya, kafunga, kangoja ukungu ushike, kafungua, kaanza upya. Yote kwa ajili ya sentensi zangu. Wale wengine walinitaja kwa kupita tu, kama unavyomsalimu mtu barabarani. Miaka yote hii nilidhani niliusemesha ukuta." Alijifuta macho kwa upindo wa ushungi. "Kumbe yuko mtu alikuwa ananijibu."

"Lakini kakukosoa, Ibu."

"Kanikosoa kwa haki. Tena angalia orodha yako ya alfabeti: W, halafu Y. Hakuna mtu kati yetu. Ataketi papo hapo chini yangu."

Nilimpenda mama yangu wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda. Yeye akaisogeza kompyuta mbele yangu.

"Andika. Pale kwenye majadiliano. Warsini alidai ni jani, Yusnelti akaonyesha ni tabaka."

"Nitaandikaje kwamba mama yangu mzazi alikosea?"

"Kwa jina, mkato, mwaka, na nukta mwishoni. Kama watu wote."

Niliandika, naye amesimama nyuma yangu, mkono begani mwangu, akanirekebisha mkato mmoja. Makala ile ina majedwali na vipimo nilivyovitolea jasho. Lakini sentensi niliyoiandika kwa mapenzi kuliko zote ni ile inayosema kwamba mama yangu alikosea.