Mayai Chini ya Mkia

Mjomba alitunza stoo ya vielelezo vya baharini miaka thelathini na moja. Alipostaafu nikarithi funguo zake, na kikohozi cha spiriti ya kuhifadhia vielelezo. Mwezi uliopita mkuu wa idara akaniambia stoo inafungwa, chupa zimwagwe.

Rafu ya chini nilikuta chupa yenye kamba sita wa baharini, bapa, urefu wa kidole gumba. Kamba hawa hawana vipapasio virefu. Vyao ni vipande bapa mbele ya uso, kama koleo. Sisi huwaita kandambili. Kwenye lebo, mwandiko wa mjomba: “Aina ya peke yake. Mgongo una matuta. Ukingo wa kipapasio una meno matano. Wale kandambili wakubwa wana saba.” Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu yake: “Watoto wa wale wakubwa. Acha ubishi.”

Kisa hicho nilikijua. Mkuu wa wakati ule alimcheka mbele ya watu: mfuta chupa naye kawa mtaalamu! Toka siku hiyo mjomba alinyamaa kama aliyemwagiwa maji.

Niliwaweka chini ya lenzi. Meno matano, wote sita. Wa nne nikamkunjua mkia. Mayai, yamebanana tele. Mtoto hatagi. Huyu alikuwa mama mzima, na ukubwa wake ndio huo huo.

Nilimpelekea mkuu wa sasa. Alichungulia kwa muda mrefu.

“Mjomba wako alikuwa sahihi,” akasema. “Haya, hiyo chupa moja ibaki. Nyingine mwageni.”

Niliandika lebo mpya, jina la mjomba kama mtu aliyewatambua, nikaipiga picha na kwenda kwake. Binamu yangu alikuwa akimlisha uji.

“Leo hajui watu,” alininong'oneza.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama. Wewe wa nani?”

Nikamweleza yote: meno, matuta, mayai. Alisikiliza kwa adabu, kama anayesimuliwa habari za ukoo wa watu. Nikampa picha. Akasoma jina lake kwa sauti, silabi moja moja.

“Huyu bwana ana macho,” akasema. “Bado yu hai?”

Binamu alichukua bakuli akaingia jikoni, na hakutoka.

“Yupo, mjomba,” nikamjibu.

“Basi mwambieni mapema.”