Hesabu ya Ishirini

Siku ya kumi na tatu tangu Angelina aondoke, Bi Magdalena alianza kuikasirikia milima. Kutoka barazani kwake, pale Kinole, barabara ya mjini ilionekana mahali patatu tu. Kwingine kote milima iliificha. Gari likitokeza mahali pa kwanza, alisimama. Likifika pa pili, alijifuta mikono kwa khanga. Pa tatu ndipo palipomwonyesha kwamba lilikuwa pikapu ya kufuata ndizi, naye akaketi tena akaendelea kuchambua iliki.

"Mwalimu, sakafu itatoboka kwa huko kusimama kwako," alimtania jirani yake Kondo, akipita na mkungu begani. Kondo alikuwa fundi wa mitambo mpaka kiwanda chao kilipobinafsishwa. Siku hizi alikuwa na kibanda, sabuni za kutoka nje, redio, na maneno mengi. "Redio haijasema kitu. Lakini lile koti la mtumba ulilomnunulia mjukuu, nadhani limefurahi sana. Limekwenda Ulaya kuwasalimu wenyewe."

"Pita na ndizi zako, Kondo."

Hakucheka, ila moyoni alimshukuru kwa kulitaja jina la Ulaya kama vile ni mahali pa kwenda na kurudi.

Angelina alikuwa mtoto wa binti yake marehemu, naye alimlea tangu ana miaka minne. Sasa alikuwa kidato cha sita, katika shule ileile ya wasichana ya mjini ambako Bi Magdalena alifundisha biolojia kwa miaka thelathini na mmoja. Wahadhiri wa chuo kikuu pale Mazimbu walitunga mtihani, Angelina akawashinda watahiniwa wenzake wote, na kampuni moja mpya ya mbegu ikamlipia tiketi ya kwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya biolojia. Watakaokuwemo katika mia ya kwanza wangesomeshwa chuo kikuu hukohuko bila malipo. Bi Magdalena alitaka mtoto awemo. Alitaka pia asikie hatua zake zikipanda ngazi za udongo nyuma ya nyumba. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa chumba kimoja, na kwa siku kumi na tatu yalikuwa yakigombana kifuani mwake.

Nafasi kama hiyo yeye hakuipata. Alichopata ni hadubini moja ya shule na wanafunzi arobaini. Aliweka kanuni: kila msichana ainame atazame, darasa lihesabu mpaka ishirini, kisha asogee kando ampishe mwenzake, na mchoro auchore kwa kumbukumbu. Anayeng'ang'ania, aliwaambia, anamwibia aliye nyuma yake. Yeye mwenyewe alikuwa akirekebisha kioo tu, na mara picha inapotakata, humpisha wa kwanza. Kanuni ikabaki shuleni; yeye alistaafu akiwa bado anatamani kuutazama utando wa kitunguu mpaka atosheke: zile seli zilizopangwa kama matofali, na kile kiini ambacho hakupata kujua kama kilitulia au kilicheza.

Alasiri ile pikapu iliyofika mahali pa tatu ilisimama. Angelina alishuka na koti mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko hawapiki?"

"Wanapika viazi, Bibi. Asubuhi viazi, jioni viazi."

Alimpa maji, akamwacha anywe mpaka mwisho. Kisha akauliza.

"Kwa maandishi nilikuwa wa arobaini na moja," Angelina alisema. "Kati ya mia na tisini."

"Na kwa vitendo?"

Msichana aliutazama mtungi. "Nilichemsha."

"Kinachochemshwa ni maji. Sema ulikosea."

"Nilikosea, Bibi. Kwa jumla nimekuwa wa mia na nane."

Bi Magdalena aliuweka ungo chini. "Ulikosea nini?"

"Kila mtu alikuwa na hadubini yake. Peke yake, Bibi! Ina taa yake ndani. Tulipewa jani tulikate, tuhesabu aina tano za seli, tuchore, kwa saa moja na nusu. Nikainama. Nikahesabu ishirini. Nikasogea."

"Ukasogea kumpisha nani?"

"Hakukuwa na mtu. Nilisimama kando nikachora kwa kumbukumbu. Msimamizi akaniona nimejitenga, akadhani nimemaliza, akakusanya kile kioo chenye kipande changu cha jani. Mchoro waliusifu. Lakini seli nilikuwa sijazihesabu."

"Mdomo ulikuwa wapi? Hukumwambia akirudishe?"

"Niliona aibu kuomba zamu ya pili."

Bi Magdalena alichambua maganda matupu, akiyatoa upande huu wa ungo na kuyaweka upande ule.

"Kanuni ile niliiweka mimi," alisema.

"Najua, Bibi. Wengine tusingeona chochote bila ile."

Angelina alitia mkono katika mfuko wa koti, akatoa kioo cha kukuzia, kidogo, chenye mpini mweusi. Kila mshiriki alipewa kimoja. Akamshika bibi yake mkono, wakaenda nyuma ya nyumba kwenye shamba la iliki. Ua la iliki huchanua chini kabisa, karibu na udongo, kwa hiyo mtu hana budi kupiga magoti. Bi Magdalena alipiga magoti.

Mwanzoni aliona weupe uliotibuka. Alikisogeza kioo, na mishipa ya zambarau ikajitokeza mmoja mmoja, ikitawanyika kama vijito vinavyoshuka kutoka juu ya Uluguru. Midomo yake ilikuwa tayari inahesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Magoti yakaanza kunyanyuka yenyewe.

Kiganja cha Angelina kilitua mgongoni mwake, kikamzuia.

"Hakuna foleni, Bibi."

Akainama tena. Huko barabarani gari jingine lilikuwa likinguruma kupanda kilima, asiligeukie.

"Unaona nini?" Angelina aliuliza baada ya muda.

"Subiri," alisema Bi Magdalena. "Sijamaliza kutazama."