Faili Mbili Zilizongojeana

Jumatatu asubuhi programu ya zamu za maji iligoma kuwaka, na wakulima wa mpunga wa Luberizi hawakupata ujumbe wa simu wa kuwaambia zamu ya nani imefika. Zamu ilikuwa ya Mama Generose. Bila kujua, alikwenda sokoni Kamanyola, maji yakapita kwenye mfereji bila kufunguliwa kuingia shambani kwake. Zamu nyingine ilikuwa baada ya siku nane. Kitalu chake cha miche kikakauka.

Katika ofisi ya Uvira inayoendesha programu hiyo, mkuu, Papa Anastase, aliuliza nani aligusa programu mwisho. Alikuwa Michée, mmoja wa waandishi wa programu: Ijumaa alikuwa amepanga upya mistari ya juu ya faili moja, ile inayoita faili nyingine, kufuata alfabeti. Akaambiwa aache ordinateri, kompyuta yake ya kazi, na abaki nyumbani mpaka aitwe. Alimtazama tu Belyse, aliyeiandika programu hiyo, na Belyse akainamisha macho.

Belyse alijua kosa lilikotoka. Miezi miwili nyuma aliandika faili ya zamu iite faili ya ujumbe, na ya ujumbe iite ya zamu. Mfumo unaoipa kila faili inachohitaji ulikwama, kwa kuwa hii ilingoja ile ikamilike, na ile ilingoja hii. Badala ya kuukata mduara huo, Belyse alihamisha mistari huku na huku mpaka kosa likanyamaza; tangu hapo programu iliwaka kwa mpangilio huo tu. Kisha akaenda kula. Hakumwambia mtu.

Siku tatu alijiambia atasema kesho. Siku ya nne Mama Generose akaingia ofisini na simu yake mkononi. Hakuja kugomba.

"Labda minye ndiye nilikosea kuandikisha namba," alisema. "Muniangalilie, mwanangu."

Belyse aliiangalia namba. Ilikuwa sawa. Akamwomba mama akae, akaenda kwa Papa Anastase akamweleza yote, akilia.

Michée aliitwa siku hiyo hiyo. Yeye na Belyse walihamisha orodha ya wakulima kwenye faili ya tatu, zile mbili zikawa zinachota humo, wala moja haiiti nyingine. Programu ikawaka.

"Weye ulijua tangu Jumatatu?" Michée aliuliza, bila kugeuka.

"Nilijua."

Tangu hapo Michée humsalimu Belyse kila asubuhi, lakini hamwombi tena amsomee kazi yake kutafuta makosa.

Ndugu za Mama Generose walioko Lubarika walimpa miche iliyowabakia. Jumamosi ya wiki iliyofuata, zamu ya maji ikiwa imepita, Belyse alikwenda kupanda naye. Miche ilitosha nusu ya shamba. Nusu nyingine ilikaa tupu msimu mzima.